Bokali Nne za Maji ya Bahari

Sifa,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona asubuhi, ulipokula mkate umesimama kama mtu anayesubiri basi, makombo yote juu ya zulia langu. Na yangu usiniulize. Nina hasira, na hasira ikimfikia mtu wa umri wangu haiondoki upesi. Inakuwa kama mgeni wetu wa Kikongo, anaaga tangu saa sita na jioni bado mnamkuta kwenye kiti.

Sasa ni saa kumi. Mko kanisani, wanakuombea safari. Mimi nilisema siji, goti linauma. Mama Mchungaji akapiga simu, akasema atatuma gari, nikamwambia goti hili halikunjiki hata ndani ya gari. Akacheka, akasema ataniletea chakula kwenye sahani ya kufunika. Goti haliumi, Sifa. Likumbuke hilo goti, nitalirudia.

Nimebaki niandike. Usicheke mwandiko, maana ni wako. Shule sikuiona hata kupitia dirishani, lakini mwalimu nilikuwa naye, alikuwa na miaka saba na mapengo mawili ya meno, akinipiga vidole kwa rula kwenye meza hii hii eti herufi zangu zimelewa. Ulikuwa mkali. Nilikuwa nakuogopa.

Mambo ya koti, ya chakula, ya kufunga mlango, ya wanaume wa huko, unaambiwa sasa hivi na akina mama wote wa mtaa wetu huu wa Blacktown, na wengi wao Marekani hawajaikanyaga. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja. Ni baya, na nimelikalia miezi miwili kama kuku anayeatamia jiwe.

Ni zile bokali nne.

Ngoja. Najua utamjibu bibi yako, "Koko, yale yaliisha." Hayakuisha. Wewe unadhani unajua kilichotokea, na hujui.

Nianze pale ulipozileta. Ilikuwa katikati ya baridi, ukasema chumba cha ubaridi kule labo, maabara ya chuo chenu, kimeharibika na minyoo yako itakufa kwa joto. Ukaja nayo kwa treni kutoka mjini, kisanduku cha barafu magotini, unanuka bahari mpaka jirani wa Kihindi akafungua dirisha. Ukaziweka chini, kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, kwa sababu saruji ile ni baridi kama moyo wa afisa. Bokali nne za kioo. Kila asubuhi unabadilisha maji kwa mrija, unawatilia chakula chao, maji mekundu kama chai ya juzi. Mimi nilikuwa nikifua nguo nikiruka bokali. Sikusema kitu. Nilijiambia, wengine wajukuu wao wanaleta nyumbani wanaume wenye ndevu za rangi, wangu analeta minyoo. Bora minyoo.

Halafu ile Alhamisi ukaniita kwenye hadubini, ile mashine yako ya kukuza vitu vidogo.

"Koko, njoo uone."

Nikasema nina gauni la watu kwenye cherehani.

"Dakika moja tu. Weka jicho hapa. Hapana, usilibane hilo lingine, unatazama kama mtu anayelenga bunduki."

Nikakwambia watu waliolenga bunduki nimewaona, na hawakuwa wakitafuta minyoo. Ukanisogezea kiti.

Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nikaiona. Kofia. Kofia ndogo ya kioo, ina masikio mawili yanayoning'inia kama zile za watoto za baridi, na utosini unyoya mmoja umesimama. Pembeni vinywele vinapiga, vinapiga, na kofia inakwenda yenyewe ndani ya maji kama bibi harusi asiye na haraka. Nilisema ni nzuri. Sikatai, nilisema.

"Huyo si mnyoo bado," ukasema. "Mnyoo anashonwa ndani yake."

Kushona. Neno hilo ulilichagua kwa ajili yangu, nalijua, na lilinipata. Ukanionyesha vipande. Viwili vya kichwa, viwili vya mwili, vingine vidogo vya huku na huku. Kila kimoja kinaanza peke yake kwenye ukuta wa kofia, kama vipande vya gauni nilivyovikata na kuvitawanya kitandani. Vinakua. Vinakutana. Vinaungana kuzunguka tumbo la kofia mpaka mnyoo mzima amelala humo, na kofia bado inaogelea, bado inakula, haijui kitu. Nikatafuta fundi, sikumwona.

"Halafu?"

"Halafu anatoboa, anatoka."

"Na kofia?"

"Anaila."

"Anaila vipi?"

"Kwa mdomo, Koko. Anaimeza yote, dakika chache tu."

"Kofia iliyombeba."

"Ndiyo."

"Iliyomlisha wiki zote hizo."

"Ndiyo. Si ajabu hiyo?"

Ukacheka. Una kicheko cha mama yako, kinaanzia puani. Nikarudi kwenye cherehani nikavunja sindano.

Na jioni hiyo hiyo, sombe ya majani ya muhogo bado inatoa moshi mezani, ukaniambia kwamba umekubaliwa Marekani. Miaka mitatu. Mji mdogo wa pwani ambako kuna mtu anayejua minyoo hii kuliko wote. Nikakuuliza barua ilikuja lini, ukasema Jumatatu. Siku nne ulikuwa nayo, Sifa. Siku nne umekula kwenye sufuria yangu na barua ile tumboni. Nikasema hongera. Nikasema chumvi imezidi. Chumvi ilikuwa sawa.

Wewe ulilala. Mimi niliziunganisha habari mbili ambazo hazihusiani, kama mjinga anayeshona mkono wa shati kwenye kiuno cha suruali. Kofia na mimi. Mnyoo na wewe.

Sasa sikiliza vizuri.

Jumanne iliyofuata ulikwenda chuoni. Siku mbili kabla nilikuwa nimekusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako wa labo, "Bila hawa sina cha kuandika, na nisipoandika siendi." Ulidhani sisikii Kiingereza. Ninachotaka kukisikia nakisikia.

Nilichemsha maji kwenye birika. Mara ya kwanza nikayatumia kwa chai. Nikanywa chai yote, nimesimama, nikiangalia ule mlango wa chumba cha kufulia. Nikachemsha mara ya pili. Nikazichukua bokali moja moja, nikazimwaga kwenye sinki la kufulia, na nyuma yake nikamwaga maji ya moto, ili asibaki wa kubahatika. Kwenye ile ya mwisho niliongea nao. Niliwaambia, mtakula kofia za kwenu, si za hapa. Kisha nikaziosha bokali kwa sabuni, nikazipindua juu ya taulo, kwa kuwa mimi ni mtu msafi.

Ulirudi. Ukaziona zimepinduliwa. Ukakaa chini kwenye saruji na begi bado mgongoni.

"Koko. Maji yako wapi?"

"Nimemwaga. Yalikuwa na viluwiluwi."

"Viluwiluwi?"

"Vya mbu. Maji yaliyosimama, Sifa. Maji yaliyosimama ndiyo yalimchukua mama yako."

Nilisema hivyo. Mdomo huu. Sikuwa hata nimejipanga, neno lilitoka limeshavaa viatu. Nilimchukua mwanangu Mapendo kutoka kaburini nikamsimamisha mlangoni anikinge.

Na wewe badala ya kupiga kelele uliinuka ukanikumbatia. Ukaniomba msamaha. Wewe, mimi. Ukasema hukufikiria, ukasema ungepaswa kujua kwamba mtu aliyeishi kambini hawezi kuona maji yamekaa na vitu vinavyocheza ndani akaviacha. Ulilia shingoni mwangu na machozi yakaingia kwenye kola, na mimi nikakupigapiga mgongo kama mtu mwema.

Siwezi kukwambia jinsi nilivyokuchukia dakika ile. Nilikuchukia kwa wepesi wako. Laiti ungenitukana. Mtoto wangu mwenyewe nimemlea anasamehe kabla hajauliza maswali mawili, atakwenda kuishi vipi na watu?

Ukaenda ukamsimulia profesa wako, yule mama mrefu. Akalia naye. Akakuongezea muda wa kuandika. Jumamosi akaja mpaka mlangoni hapa, ameniletea maua, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, anasema pole kwa binti yako. Nikayapokea. Nikayatia kwenye bokali moja, sikuwa na chombo kingine. Yalikaa siku tisa pale juu ya televisheni na kila ukipita unatabasamu. Siku ya kumi nikayatupa yakiwa bado mazima.

Sasa ukweli. Mimi nawajua viluwiluwi wa mbu, Sifa. Miaka kumi na tatu kambini kule Tanzania, kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwaga ndoo, makopo, na kufukia hata alama za kwato za ng'ombe zilizokusanya mvua. Kiluwiluwi ananing'inia kichwa chini, ukimtikisa anajikunja kama kamasi. Ningemtambua gizani kwa kidole. Wale wako niliwaona kwa jicho langu kwenye mashine yako. Nilijua ni nini. Nilijua ni vya nani. Nilijua unavitaka kwa kazi gani, na ndiyo maana nikavimwaga.

Wewe unaniambia kila mara, "Koko, nisimulie mama yangu." Nakusimulia kicheko, nywele, alivyopika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa ndimu. Nimebakiza jambo moja, na nalo nalitoa leo, maana limekaa na lile la bokali kwenye chumba kimoja.

Mapendo alipata nafasi ya kwenda kusomea unesi. Wewe ulikuwa na miaka miwili. Kulikuwa na watu wanawachukua vijana wachache kutoka kambini, wanawapeleka mji mwingine miezi kadhaa, na jina lake lilitoka. Alikuwa akuache kwangu. Gari lilikuwa la kesho asubuhi. Na jioni ile mimi nikalala kwenye mkeka, nikasema goti. Goti limekataa. Siwezi kusimama, siwezi kuteka maji, mtoto huyu nitambeba vipi? Nilipiga kelele alipoligusa. Nilipiga vizuri, majirani walikuja. Akakaa kitako, akalitazama lile goti muda mrefu. Akasema, "Basi Mama, nitakwenda na kundi lijalo, likishapona." Gari likaondoka bila yeye.

Lilipona baada ya siku tano. Mvua zikaanza wiki iliyofuata. Homa ikamkamata Ijumaa, na Jumatatu tukamzika.

Sisemi kwamba kule mjini hakuna mbu. Mbu wako kila mahali. Nimejibembeleza kwa hilo miaka ishirini na limechakaa. Ninachosema ni kwamba angekufa akiwa mahali alipopataka, au asingekufa, na mimi nilimnyima vyote viwili kwa goti zima. Na nilipokuwa nimesimama kwenye sinki na birika mkononi nililijua hilo. Usidhani nilisahau. Mtu huwa anadhani kosa likimuunguza mara moja hataligusa tena. Uongo. Mkono unarudi pale pale kwa sababu njia inaifahamu.

Basi. Hilo moja nimelitua.

Lakini kuna la pili, na hili ndilo linanifanya niwe na hasira mpaka leo, na ni la kuchekesha, kwa hiyo ukitaka kucheka cheka.

Ulianza upya. Ulirudi kwenye miamba kutafuta minyoo wazima, baridi ile, midomo ya bluu. Jumamosi moja maji yalikuwa yanakupwa mchana ukasema twende, Koko, ubebe ndoo. Nilikwenda kwa aibu tu. Treni, basi, kisha ile njia ya kuteremka, upepo unataka kunivua kitambaa. Watu wa huko wanatembeza mbwa waliovaa makoti. Ukageuza jiwe, ukaniita. Chini yake amelala mnyoo wa kahawia, mwembamba, mrefu kama uzi wa sufu uliofumuka, unamvuta haishi.

"Huyu ni mama," ukasema. "Amejaa mayai."

"Mama wa nani?"

"Wa zile kofia."

Nikasimama na ndoo. Nikasema, "Mama yao si ndiyo kofia?"

"Hapana, Koko. Mama anataga majini, basi, amemaliza. Haji kuwaona tena."

"Kwa hiyo kofia ni nani?"

Ukanitazama kama vile swali ni jepesi. "Ni yeye mwenyewe. Kofia ni yule yule mnyoo, kabla. Anakula mwili wake wa zamani."

Nilikaa juu ya jiwe lenye maji. Sketi ikalowa na sikujali. Ukadhani nimechoka, ukanipa chai ya chupa. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimegundua kwamba nimewachemsha wale watoto kwa kosa ambalo hawakulifanya. Niliwahukumu kwa kumla mama yao, na mama yao alikuwa chini ya jiwe amejilalia zake. Hakuna aliyekuwa anamla mtu. Nilijiweka mimi kwenye hadithi ambayo haikuwa na nafasi yangu. Ndivyo tulivyo, wazee. Tukiona chochote kinabeba chochote tunasema, huyo ni mimi, na huyo anayebebwa hana shukrani.

Na njiani kurudi juu niliruka mawe kama mbuzi. Nilisahau goti. Ulikuwa nyuma yangu na ulikuwa umeona. Tulipofika stesheni ukabonyeza lifti kama kawaida, kwa ajili ya goti la Koko, na tukaingia sote wawili, tukatazama mlango.

Tangu siku hiyo ninafikiri. Kumla mama, hilo nalielewa, ningeweza kukasirika nalo mpaka kufa na lingenifaa. Lakini kujila mwenyewe. Hilo lilinikera kwa sababu nalifahamu.

Hujui kwamba nilikuwa napiga mluzi. Kule kwetu Fizi msichana hapigi mluzi, anaita nyoka. Mimi nilipiga. Nilipiga shambani, nilipiga kisimani, nilipiga hata mjomba wangu alipokuwa anazikwa, na nikachapwa, na jioni nikapiga tena. Walikuwa wananiita jina ambalo sitakuandikia. Siku tuliyokimbia, kwenye boti ya kuvuka ziwa, nilikuwa na Mapendo ubavuni, ana miaka kumi na moja, na tuliambiwa atakayetoa sauti anatupwa. Sikutoa sauti. Mpaka tunafika ng'ambo yule msichana wa mluzi hakuwepo. Nilikuwa nimemmeza. Nilikuwa na njaa ya kuishi na yeye ndiye alikuwa karibu.

Kwa hilo sijilaumu hata kidogo. Ninalojilaumu ni hili. Miaka mingi baadaye, kambini, mwanamke mmoja wa kwetu alinisimamisha kwenye foleni ya unga. Akaniangalia, akasema, "Wewe si yule wa mluzi?" Uso wake wote ulikuwa umefurahi. Nikamwambia, "Hapana. Huyo alikuwa dada yangu. Alikufa." Akasema pole. Akaenda zake. Sikuwahi kuwa na dada.

Kumla sikukosea. Kumkana ndiko nilikokosea.

Na wewe utamla Sifa wa Blacktown, usinidanganye. Utakwenda huko, utapata njaa ya watu wapya, na Kiswahili hiki unachonijibia nusu kitakuwa robo, na ile namna yako ya kuvua viatu mlangoni, na mimi. Sitalia. Ukiwa na njaa kula. Lakini wakikuuliza kule, mezani kwa watu wenye vitabu, kwamba wewe ni yule mtoto wa kambi aliyelelewa na kizee asiyesoma, usiwaambie huyo alikuwa dada yako.

Nilikuwa nataka kufungia hapo. Lakini leo kuna jambo limetokea na lazima ulijue, kwa sababu lilikuwa mikononi mwangu tena.

Juzi ulileta bokali moja kutoka labo, ukaiweka pale pale chini, ukasema hawa wamekomaa, watatoka siku yoyote, nataka Koko aone kabla sijaondoka. Kesho asubuhi mwenzako wa labo anakuja kuichukua pamoja na mashine. Asubuhi hii uliniita na mkate mdomoni, "Koko, mmoja anahangaika, njoo," nikasema goti. Ukasubiri kidogo mlangoni. Mchana ukaenda zako kanisani.

Nyumba ikanyamaza. Mimi na bokali, na birika pale kwenye kaunta. Nitakuwa mkweli, niliiangalia birika. Haikuwa hasira, ilikuwa mazoea, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino lililong'oka. Bila hawa bado utakwenda, kazi yako umeshaikabidhi, najua. Lakini mkono haujui.

Nikaenda kwenye mashine. Ulikuwa umemwacha yule mmoja kwenye kisahani, taa inawaka, kama mtu anayemwachia mwingine chakula. Nikaweka jicho. Sikulibana lile lingine.

Alikuwa anahangaika kweli. Ndani ya kofia mnyoo anajinyoosha, anajikunja, anasukuma. Nilisimama hapo mpaka kiuno kikauma, na kiuno, Sifa, kinauma kweli. Kisha kofia ikapasuka ubavuni na akatoka kichwa kwanza. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Aligeuka, akafungua mdomo, akaanza na sikio. Vinywele vya kofia vilikuwa bado vinapiga. Nusu yake iko ndani ya mnyoo na nusu ya nje bado inaogelea kana kwamba kuna mahali inakwenda. Ni jambo la adabu mbaya kuliko yote niliyoyaona, na mimi nimeona mengi. Lakini hakubakisha hata kipande. Hakutema. Hakukitupa nyuma yake kikaoze. Alipomaliza alikuwa mnene kidogo, akatambaa chini ndani ya kisahani kama mtu anayetafuta pa kulala.

Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Haya, umeshiba?"

Kisha nikachemsha maji, nikanywa chai.

Bokali ipo. Nimewahesabu wengine kadiri jicho langu linavyoweza, wanaogelea. Maji nimeyabadilisha kwa mrija kama unavyofanya, polepole, sikumnyonya hata mmoja.

Barua hii nilitaka kuitia ndani ya sanduku lako, chini ya kitenge, uisome ukiwa umeshafika, ambako huwezi kunipigia kelele. Nilishaikunja. Nikaona ni goti lile lile limevaa nguo nyingine. Kwa hiyo naiweka juu ya bokali, sakafuni, maana najua ukirudi utaanzia huko kabla ya kunisalimu.

Isome leo. Na usinisamehe leo, nakukataza. Msamaha wako wa haraka nimeuchoka, ulinipa mmoja kwa uongo na bado unanikaa kooni. Uliza kwanza. Uliza habari za gari la mama yako, uliza aliliangaliaje lile goti, maana nadhani alijua, kama wewe ulivyojua kule kwenye miamba. Piga kelele. Piga kwa Kiswahili, Kiingereza chako kikikasirika kinakimbia sana. Nitakuwa chumbani, mlango wazi, taa inawaka. Ukitaka kuingia na hasira ingia nayo, kitanda kinatosha watatu.

Ndege ni kesho saa nane mchana. Hata ukiwa hunisemeshi nakuja mpaka uwanjani, umbali wa sanduku moja nyuma yako. Pale stesheni usibonyeze lifti. Waachie wenye watoto. Tutapanda ngazi, na lile sanduku zito nalibeba mimi.

Koko